Kupanga nyimbo za Kijapani kwa silabi ya kwanza, tukianza na HA

Mchezo wa kutaja nyimbo kwa silabi unakwenda vizuri barazani mpaka zamu ya "ha" ifike na mtu ataje Butter-Fly, ule wimbo wa Koji Wada wa mwaka 1999 uliokuwa ukifungua katuni ya Digimon. Hapo ubishi unaanza. Wa upande huu wanasema hiyo ni "ba", si "ha". Mwenye simu anatafuta orodha ya Kijapani mtandaoni na kuukuta wimbo umekaa kwenye "ha", na kelele zinaongezeka. Aliyeutaja yuko sahihi. Kwa Wajapani ha, ba na pa ni watoto wa mama mmoja. Hata Bagamoyo, ukiiandika kwa herufi zao, inaingia kwenye fungu hilohilo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kutengeneza sanduku la kadi litakalomaliza ubishi wa namna hiyo: klabu ya wanafunzi, kikundi cha waimbaji, au mtangazaji wa redio hapa Tanga anayeombwa na msikilizaji "ule wimbo wa Kijapani, unaanza na fu". Tumechukua "ha" kuwa mfano kwa sababu lina mitego mingi kuliko mengi ya mafungu mengine. Kanuni moja inashika kazi yote: wimbo hupangwa kwa kana, yaani kwa alama za sauti ambazo Wajapani huandikia silabi, na si kwa herufi za Kilatini zilizo kwenye jalada.

Sikio la Mswahili linasaidia wapi, linadanganya wapi

Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Jina kama Ha-na-mi-zu-ki mtu wa Ngamiani atalitamka sawasawa bila kufundishwa. Hata ile n inayosimama peke yake tunaijua: n ya "nchi" na "nne" kwetu ni silabi kamili, na kwao ni hivyohivyo. Tanga kwa kana ni alama tatu: ta, n, ga. Irabu ndefu nazo si ngeni kwa anayetofautisha "paa" na "pa".

Udanganyifu uko sehemu nne.

Kwanza ni mfuatano. Sisi husema a, e, i, o, u. Wao husema a, i, u, e, o. Ukikariri wa kwetu, kila fungu litakaa kichwa chini.

Pili ni cha, sha na ja. Kwetu ni silabi zinazojitegemea. Kwao "cha" huandikwa chi ikifuatiwa na ya ndogo, "sha" ni shi na ya ndogo, na "ja" ni ile shi yenye nukta mbili na ya ndogo. Alama ya kwanza ndiyo inayoamua. Kwa hiyo cha, chu, cho na che zote huingia fungu la chi, na wimbo wa Cherry wa kundi la Spitz (1996) utautafuta kwenye chi. Vivyo hivyo hya na hyo ni za hi, na fa, fi, fe, fo ni za fu.

Tatu, kuna namna mbili za kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini. Moja inaandika shi, chi, tsu, fu, ji. Nyingine inaandika si, ti, tu, hu, zi. Sauti ni ileile. Ukikuta "Hurusato" na "Furusato" kwenye orodha mbili, usitengeneze kadi mbili.

Nne, r na l kwao ni sauti moja. Wimbo wa Kenshi Yonezu uitwao Lemon (2018) ni wa fungu la re.

Mafungu yote, pamoja na namba tutakazotumia, ni haya:

a 01, i 02, u 03, e 04, o 05
ka 06, ki 07, ku 08, ke 09, ko 10
sa 11, shi 12, su 13, se 14, so 15
ta 16, chi 17, tsu 18, te 19, to 20
na 21, ni 22, nu 23, ne 24, no 25
ha 26, hi 27, fu 28, he 29, ho 30
ma 31, mi 32, mu 33, me 34, mo 35
ya 36, yu 37, yo 38
ra 39, ri 40, ru 41, re 42, ro 43
wa 44

Kana za msingi ni 46. Mbili tumeziacha kwa sababu haziwezi kuanza jina la wimbo: n, ambayo haianzi neno la Kijapani, na ile "o" ya pekee (を) inayotumika tu kuonyesha kitendwa ndani ya sentensi.

Alama zenye nukta mbili au kiduara pembeni hukaa na mama yao: ga na ka, za na sa, da na ta, ba na pa pamoja na ha. Jambo hili lina mantiki yake, maana katika Kijapani sauti hizo hubadilishana ndani ya neno. Hana ni ua, hi ni moto. Yaunganishe upate hanabi, ua la moto, yaani fataki. Hi imegeuka bi, lakini Mjapani bado anaisikia hi ndani yake.

Kadi na chombo chake

Nunua karatasi za manila za A4: nyeupe 30 na za rangi 8. Kila nyeupe ikunje katikati mara tatu, ikunjue, kisha kata kwenye mikunjo. Utapata vipande 8 vya sentimita 10.5 kwa 7.4, jumla kadi 240. Zile za rangi gawanya urefu mara tatu na upana mara mbili, upate vipande 6 vya sentimita 10.5 kwa 9.9. Upana ni sawa na wa kadi nyeupe ila kimo kimezidi sentimita 2.5, na sehemu hiyo inayochomoza ndiyo ya kuandikia namba na silabi ya fungu. Vipande vitakuwa 48. Unahitaji 44, na vinne vilivyobaki ni akiba ya makosa.

Boksi la viatu linatosha wakati wa kiangazi. Masika hewa ya bahari huingia kwenye manila, kadi zikapinda na kushikana. Afadhali chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, upana wa ndani usipungue sentimita 11 na kimo kisipungue 11. Nyuma ya kadi simamisha kipande cha boksi gumu ili zisilale. Kalamu iwe ya wino mzito wa kawaida. Wino wa jeli hutawanyika ukishikwa na kiganja chenye jasho, na kadi za mchezo hushikwa sana.

Kila kadi iandikwe hivi. Juu kushoto, namba ya fungu na namba ya wimbo, kwa mfano 26-050. Mstari wa kwanza, jina kwa kana. Wa pili, jina kwa herufi za Kilatini. Wa tatu, jina kama lilivyo kwenye jalada, hata kama ni Kiingereza au kanji (zile herufi za maana zenye asili ya Kichina). Wa nne, mwimbaji au mtunzi, na mwaka. Chini kulia, silabi ya mwisho ya jina, itakayohitajika kwenye mchezo. Ikiwa ni n, iandike kwa wino mwekundu.

Mwaka usiuache. Nyimbo zinazoitwa Hana peke yake ni nyingi: upo wa Rentarō Taki wa 1900, wa Shoukichi Kina wa Okinawa wa 1980, wa Orange Range wa 2004, na wa Fujii Kaze wa 2023. Msikilizaji akiomba "Hana", bila mwaka na mwimbaji utampigia wa babu yake.

Kulisoma jina kabla ya kuliandika

Hapa ndipo kazi ilipo. Makosa mengi ya orodha za nyimbo za Kijapani hayatoki kwenye kupanga, yanatoka kwenye kusoma.

Kanji moja huwa na usomaji zaidi ya mmoja. Chukua 初恋, penzi la kwanza. Kanji ya mwanzo inaweza kusomwa hatsu, haji, au sho kutegemea neno. Kama jina la wimbo inasomwa Hatsukoi, na zipo mbili zinazojulikana sana: ya Kōzō Murashita (1983) na ya Hikaru Utada (2018). Utada huyohuyo aliimba First Love mwaka 1999, jina lenye maana ileile. Kwa kana hilo ni Fāsuto Rabu, fu ikiwa na a ndogo, kwa hiyo linakwenda fungu la fu. Maana moja, mwimbaji mmoja, mafungu mawili. Usipange kwa maana.

Programu za kutafsiri hukisia usomaji wa kanji, na majina ya nyimbo ndiyo yanayozikosesha zaidi kwa sababu watunzi hupenda usomaji usio wa kawaida. Njia ya uhakika ni kufungua ukurasa wa wimbo kwenye Wikipedia ya Kijapani: mstari wa kwanza kabisa, baada ya jina la kanji, huweka usomaji kwa kana ndani ya mabano. Nakili hapo, kisha sikiliza wimbo, maana mara nyingi jina hutamkwa kwenye kiitikio. Vikigongana, fuata kana iliyoandikwa.

Majina ya Kiingereza yaandike kwanza jinsi Mjapani anavyoyatamka. Hello kwao ni Harō, kwa hiyo Hello, Again wa My Little Lover (1995) uko kwenye ha na wala si he. Heavy Rotation wa AKB48 (2010) ni Hebī Rōtēshon na ndio wa he. Blue Bird wa Ikimono-gakari (2008), unaojulikana na kila aliyefuatilia Naruto Shippuden, ni Burū Bādo: fungu la fu. Pretender wa Official Hige Dandism (2019) ni Puritendā: fu pia. Peace Sign wa Kenshi Yonezu (2017) ni Pīsu Sain: hi. Kuwa mwangalifu na V. Mara nyingine huandikwa kwa alama za ba, mara nyingine kwa u yenye nukta mbili, na hiyo ya pili ni ya fungu la u.

Tarakimu nazo zitamke. Wimbo wa Remioromen wa 2004 ulioandikwa 3月9日, yaani tarehe 9 Machi, husomwa Sangatsu Kokonoka; ni wa sa. 8 mara nyingi huanza na ha (hachi), 100 huanza na hya, na kwa hiyo ni hi.

Ukinakili kutoka kwenye karatasi za noti, usichukue alama ya ufunguo ukadhani ni mwanzo wa jina. Wajapani huita noti zao kwa mfuatano wa zamani wa kana, ule wa i, ro, ha, ni, ho, he, to. Ha ni C. Ukiona ハ長調 juu ya mistari, umeambiwa wimbo uko kwenye C kubwa, basi.

Mwisho, jina la nje na jina la nyumbani. Ue o Muite Arukō wa Kyu Sakamoto ulitoka Japani mwaka 1961, na mwaka 1963 ukashika namba moja Marekani kwa jina la Sukiyaki, ambalo ni jina la chakula na halina uhusiano wowote na wimbo wenyewe. Kadi yake halisi iko kwenye u, 03. Weka kadi nyingine tupu kwenye su, 13, iandikwe tu: "Sukiyaki, tazama 03". Kadi za "tazama" zinaokoa muda kuliko kitu kingine chochote ndani ya sanduku. Kila mara mtu anapotafuta wimbo mahali pasipo, muwekee kadi ya tazama hapohapo alipoanzia.

Fungu la ha, kadi kwa kadi

Mkiwa na majina yote kwa kana, pangeni hivi: linganisheni silabi ya kwanza, zikifanana nendeni ya pili, zikifanana ya tatu. Nukta na viduara visihesabiwe kabisa katika mzunguko huo. Majina mawili yakilingana mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo lisilo na nukta hutangulia lenye nukta. Majina yaliyo sawasawa kabisa hupangwa kwa mwaka. Nafasi kati ya maneno hazihesabiwi, maana Kijapani hakina nafasi.

Kwa nyimbo 16 hizi, mfuatano sahihi ni huu:

26-010 Butter-Fly (Batafurai), Koji Wada, 1999
26-020 Hatsukoi, Kōzō Murashita, 1983
26-030 Hatsukoi, Hikaru Utada, 2018
26-040 Hana, Rentarō Taki, 1900 (na Hana nyingine baada yake, 26-041, 26-042…)
26-050 Hana ni Bōrei, Yorushika, 2020
26-060 Hana wa Saku, 2012
26-070 HANABI, Mr.Children, 2008
26-080 Hanamizuki, Yo Hitoto, 2004
26-090 Habu no Minato, 1928
26-100 Papurika, Foorin, 2018
26-110 Hamabe no Uta, muziki wa Tamezō Narita
26-120 Haruka Kanata, Asian Kung-Fu Generation, 2002
26-130 Haru ga Kita, 1910
26-140 Haru no Ogawa, 1912
26-150 Haru yo, Koi, Yumi Matsutoya, 1994
26-160 Hello, Again (Harō), My Little Lover, 1995

Sasa angalia sehemu tatu ambazo kompyuta ingekukosesha.

Butter-Fly umetangulia wote. Silabi yake ya pili ni ta, na ta hutangulia tsu ya Hatsukoi na na ya Hana. Ile b haijahesabiwa.

Papurika umeingia katikati ya Habu no Minato, wimbo wa zamani wa bandari, na Hamabe no Uta, wimbo wa ufukweni ambao watu wa Raskazone watauelewa bila tafsiri. Ondoa viduara: pa ni ha, pu ni fu. Habu nayo ni ha, fu. Zimefungana silabi mbili. Ya tatu ni "no" kwa Habu na "ri" kwa Papurika, na mstari wa na hutangulia mstari wa ra. Hamabe amebaki nyuma yao kwa sababu ma hufuata fu. Na kwa alfabeti ya Kilatini Hamabe angetangulia Hana zote, kwa kuwa m iko kabla ya n. Hapa mstari wa na uko kabla ya mstari wa ma.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowashinda hata waliozoea. Haruka Kanata umetangulia Haru ga Kita. Kompyuta ingeuweka mwisho wa kundi lote la Haru, kwa sababu huhesabu nafasi kati ya maneno kuwa kitu cha kwanza. Andika bila nafasi na bila nukta: ha-ru-ka-ka-na-ta, na ha-ru-ka-ki-ta. Silabi tatu za kwanza sawa. Ya nne ni ka dhidi ya ki. Ka hutangulia.

Kuhusu Hana wa Saku, wimbo uliotolewa kuchangia waathirika wa tetemeko la Machi 11, 2011: ile "wa" katikati huandikwa kwa alama ya ha (は) ingawa hutamkwa wa. Ipange kama ha. Ndiyo maana imetangulia HANABI: silabi ya tatu ni ha dhidi ya bi, na bi ni hi.

Haru yo, Koi nao una mwenzake, wimbo wa watoto wa zamani wenye jina lilelile. Ukiuongeza, utatangulia wa 1994 kwa umri. Ndiyo sababu namba zinaruka kumi kumi. Ukiandika 1, 2, 3, wimbo mmoja mpya utakulazimisha kufuta kadi zote zinazofuata.

Majina madogo ya pembeni, yale yanayowekwa kati ya mawimbi (〜), yaandike mstari wa tatu lakini usiyatumie kupangia. Wimbo wa Kina una jina la pembeni refu sana, na watu wote huuita Hana tu.

Ndugu wengine wa mstari huu ni wepesi. Kwenye hi anza na Hikaru Nara wa Goose house (2014). Kwenye fu, Furusato wa 1914, muziki wa Teiichi Okano. Kwenye ho, Hotaru no Hikari, ambao shule za Japani zimeuimba kwenye mahafali tangu karne ya 19 kwa tuni ya Kiskoti. He ni fungu dogo; usishangae likikaa na kadi tatu mwaka mzima.

Kwenye flashi

Kwa nyimbo ulizonunua au kupewa ruhusa, tumia namba zilezile za kadi mwanzoni mwa jina la faili: 26-100 Papurika. Kompyuta itafuata namba na kuacha kuleta alfabeti yake. Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa faili uitwao FAT32, maana redio nyingi za gari na spika za kuchomeka hazisomi mifumo mingine. Redio hizo nyingi pia hucheza nyimbo kwa mfuatano zilivyonakiliwa, hazijali majina. Kwa hiyo futa flashi yote, kisha nakili folda moja moja kuanzia 01. Ukiona viboksi au alama za kuuliza kwenye kioo cha redio, tatizo ni lebo ya ndani ya faili iliyoandikwa kwa Kijapani. Ibadilishe kwa programu kama Mp3tag, uweke herufi za Kilatini.

Mchezo wenyewe

Watu 8 hadi 12, makundi mawili, msimamizi mmoja mwenye sanduku. Msimamizi huchomoa kadi ya rangi bila kuangalia na kutaja silabi. Kundi lina sekunde 30 kutaja wimbo: pointi 1 kwa jina, pointi 2 zaidi wakiimba mwanzo wake bila kusoma. Kwa baraza la Tanga, ambako taarabu imewazoesha watu kuusikiliza ushairi, kuimba kupewe uzito kuliko kutaja. Sanduku ndilo hakimu. Wimbo usiokuwemo huandikwa pembeni, huthibitishwa baadaye, na pointi hutolewa siku ifuatayo. Kadi za nu na ru ziondoe kabla ya kuanza, la sivyo kundi litakalozipata limeonewa.

Mkishazoea, chezeni shiritori, "kushika mkia": wimbo unaofuata huanza na silabi iliyomaliza uliotangulia. Papurika huishia ka, anafuata Kawa no Nagare no Yō ni wa Hibari Misora (1989). Ni: Niji wa Masaki Suda (2020). Ji inaruhusiwa kugeuka shi: Shima Uta wa The Boom. Ta: Tankō Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe. Shi: Shabondama. Ma: Matsuri. Ri: Ringo no Uta, wimbo wa tofaa uliopendwa baada ya vita. Anayetaja jina linaloishia n ametolewa, kwa kuwa hakuna wimbo utakaoanza nayo. Lemon, kwa kana Remon, umewatoa wengi.

Kubalianeni mapema juu ya mambo mawili. Jina linaloishia na irabu ndefu hufuata kana: Arukō huandikwa a-ru-ko-u, kwa hiyo mkia wake ni u. Na jina linaloishia na alama ndogo, kama sha, mkia wake uwe ni ile ndogo, ya. Yasipokubaliwa kabla ya zamu ya kwanza, yatasimamisha mchezo katikati.

Anayetaka kushinda ajifunze majina yanayoishia ru. Maneno ya asili ya Kijapani hayaanzi na mstari wa ra, kwa hiyo nyimbo za ru ni chache mno. Mtegee mwenzako Kitaguni no Haru wa Masao Sen (1977). Wengi watakumbuka wimbo mmoja tu wa ru, Rūju no Dengon wa mwaka 1975, na wakiutaja tu wamekwisha: dengon inaishia n.